Maswali ya Wasomaji: Helmeti ni Lazima, Glavu ni Hiari?

Swali: Nabeba abiria kwa pikipiki hapa Kondele, Kisumu. Kichwa ni changu, nikianguka naumia mimi. Kwa nini nilazimishwe helmeti kwenye joto hili, na mbona sheria hainilazimishi glavu wala buti? Nasikia ng'ambo ni lazima.
*Mwanaboda, Kondele*

Jibu: Ndugu yetu, hoja ya kichwa chako ingekuwa na uzito kama ungeendesha peke yako. Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinataka helmeti na jaketi lenye riflekta kwa dereva na abiria pia. Abiria anayekimbilia kazi, akikukuta huna helmeti ya pili, hana hiari yoyote iliyobaki: apande kichwa wazi au achelewe. Na akishakaa nyuma yako amekuziba mgongo. Dereva wa lori anayewafuata usiku haoni riflekta yako, anaona mgongo wa abiria, ukiwa na riflekta au ukiwa mtupu. Kwa hiyo lazima hiyo tunaiunga mkono bila kusita. Uchambuzi wa 2008 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, uliojumlisha tafiti nyingi, ulikuta kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Huko ng'ambo sheria hazifanani. Ufaransa glavu ni lazima tangu Novemba 2016, abiria naye akiwemo. Uingereza lazima ni helmeti tu, na Masingasinga wenye kilemba wamesamehewa tangu 1976. Jimbo la Florida, Marekani, tangu 2000 linamruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi kuacha helmeti mradi awe na bima ya matibabu ya angalau dola 10,000. Sharti hilo lina maana: hata walipotoa uhuru, waliuliza kwanza nani atalipa hospitali. Kwetu bili hiyo huwaangukia jamaa zako na mchango wa wenzako wa steji.

Glavu na buti tungeziacha kwenye hiari kwa sasa, maana kumtoza mtu faini kwa kifaa asichokimudu kutamfanya anunue chochote cha kumtuliza askari. Helmeti zenyewe zimeshapatwa na hilo.

Swali: Nitajuaje helmeti ya kweli?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Anza ndani. Chini ya kitambaa lazima kuwe na povu gumu, la aina ile ya maboksi ya kusafirishia samaki, likifika hadi kwenye panja. Hilo ndilo linalookoa: hupondeka na kumeza kishindo, na likishapondeka halirudi. Helmeti iliyopata ajali ukiwa umeivaa itupe, hata kama nje haina ufa. Ukikuta sponji laini peke yake, au kofia ya mjengo iliyoongezwa kamba, usinunue.

Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, kidole kimoja juu ya nyusi, ukizungusha hadi pale kisogo kinapotokeza zaidi. Sentimita utakazopata ndiyo saizi. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua ndogo. Mashavu yabanwe kidogo. Kisha funga kamba, inamisha kichwa, mwenzako avute helmeti kutoka kisogoni kwenda juu. Ikivuka, haikufai.

Usiioshe kwa petroli wala thina, zinayeyusha povu. Usiitundike kwenye kioo cha pembeni, ncha yake hutoboa povu taratibu. Abiria mwenye nywele zilizosukwa ajifunge kitambaa chepesi cha pamba, na fundo la nywele likae chini shingoni. Likiwa utosini linainua helmeti.

Swali: Nina pesa kidogo. Baada ya helmeti ninunue nini?
*Mwanaboda, Luanda, Vihiga*

Jibu: Glavu. Anayeanguka hutanguliza viganja. Chagua za ngozi zenye mkanda wa kufunga kwenye kifundo cha mkono. Zivute kwa ncha za vidole, zikichomoka rudisha. Za fundi wa kuchomelea vyuma huchomoka kirahisi.

Halafu viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, kamba zake ukizichomeka ndani zisinase kwenye gia. Gambuti ni nzuri kwa mvua, lakini ukiburutwa inavuka mguuni.

Jinzi ya kawaida huisha kwenye lami kwa muda usiofika sekunde moja, na nailoni huyeyukia kwenye ngozi. Nunua kinga za magoti, umpe fundi akushonee mifuko ndani ya suruali. Atie alama ukiwa umekaa kwenye pikipiki, kwa sababu ukipimwa umesimama mfuko utakuwa umehama goti utakapokaa.

Riflekta ifue, vumbi la murami huiua. Usiku iangike, rudi hatua 30, shika tochi kando ya jicho lako ndipo uimulike, kwani riflekta hurudisha mwanga kule ulikotoka. Isipowaka, nunua nyingine hata kama rangi bado inang'aa mchana.