Mgeni Akija Uingereza, Mlete Woking

Wiki hii dada mmoja wa Coventry ameniandikia kwamba mama mkwe wake anakuja mwezi wa sita, mara yake ya kwanza Ulaya, na anaomba nimshauri ampeleke wapi ambako mzee hatachoka na yeye hatafilisika. Dada yangu, jibu ninalo. Mama yangu mzazi ameondoka juzi kurudi Tanga, na jibu nimelipata kwake.

Mlete Woking, mji ulioko kusini magharibi mwa London.

Najua watakavyokwambia. Nilipohama London kuja huku kwa sababu ya kodi ya nyumba, ndugu zangu walinicheka. Mmoja alisema arusini, mbele za watu, kwamba nimekwenda kuishi mahali ambapo watu wanalala tu. Ni kweli asubuhi stesheni inafurika wafanyakazi wanaowahi stesheni ya Waterloo, London, mwendo wa kama nusu saa, na jioni wanarudi hoi. Lakini maneno yale yaliniuma na bado yananiuma, maana aliyeyasema hajawahi kushuka pale akatazama.

Mama alishuka. Nilianza naye Msikiti wa Shah Jahan, barabara ya Oriental, unafika kwa mguu kutoka stesheni. Ulijengwa mwaka 1889, na ndio msikiti wa kwanza Uingereza kujengwa mahususi uwe msikiti. Aliyeuanzisha ni Gottlieb Wilhelm Leitner, msomi mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mkuu wa chuo huko Lahore, ambayo sasa iko Pakistan, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa mwanamke, Shah Jahan Begum, mtawala wa Bhopal, India. Mama alipolisikia hilo la mwanamke alisimama. "Mwanamke ndiye kaujenga?" Akanirudisha nyuma ili autazame upya: kuba la kijani, kuta nyeupe, jengo dogo kuliko misikiti mingi ya mitaani kwetu. Leitner alipofariki mwaka 1899 msikiti ulipooza mpaka Khwaja Kamal-ud-Din, wakili na mhubiri kutoka India, alipokuja kuufufua mwaka 1913. Mama alisali rakaa mbili, akakaa kitako muda mrefu, na mimi sikumharakisha.

Hapo ndipo ushauri wangu ulipo: usimharakishe mzazi. Sisi tunaoishi huku tumezoea kukimbizana na saa, tunadhani mgeni naye anataka kuona vitu kumi kwa siku moja.

Tukavuka mfereji wa Basingstoke, wa tangu mwaka 1794, tukaingia Horsell Common, eneo la misonobari na mchanga. Pembeni yake kuna bustani ya amani iliyozungushiwa ukuta wa matofali, na lango lake lina kuba kama la Kihindi. Yalikuwa makaburi ya askari Waislamu wa jeshi la Uingereza la India, yaliyojengwa mwaka 1917 wakati wa vita vya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya sitini miili ilihamishiwa makaburi ya Brookwood, karibu na Woking, baada ya watu kuyaharibu makaburi. Mwaka 2015 pakafunguliwa upya kama bustani: maji katikati, miti yenye magome meupe, na majina ya marehemu yamechongwa kwenye jiwe. Mama aliyafuata yale majina kwa kidole, moja moja, huku midomo ikicheza. Kisha akasema, "Hawa ni wenzao wale wa kwetu." Kweli kabisa. Novemba 1914 askari wa Kihindi waliletwa na Waingereza kuishambulia Tanga, wakafa wengi, na kumbukumbu yao iko Tanga mjini mpaka leo. Mimi nimekulia pale na nimepita hapa kila siku, na ni mama ndiye aliyeziunganisha habari hizi mbili.

Siku ya pili tulipanda treni hadi Brookwood, kituo kinachofuata. Makaburi yale yalifunguliwa mwaka 1854 na yana ukubwa unaozidi ekari 200. Zamani London ilikuwa na treni maalumu ya kuleta maiti huku. Amezikwa humo Abdullah Yusuf Ali, ambaye tafsiri yake ya Kurani kwa Kiingereza iko kwenye kabati la marehemu baba. Alifariki London mwaka 1953 katika upweke na ufukara. Tulimsomea Fatiha.

Jamani, tuache kuona haya. Tunakopa ili wazazi wapigwe picha mbele ya majengo ya wafalme, halafu mahali panapowagusa, tena pa bure, tunapapita dirishani mwa treni. Mzazi hakuja kuona umepanda cheo gani. Amekuja akuone, na aione dunia unayoishi. Mpe nafasi hiyo. Tembea naye polepole, narudia tena, polepole.

Kwa mama mkwe, dada: viatu vya kufunga, maana msituni kuna matope hata kiangazi, na koti la mvua. Ijumaa mchana msikiti unajaa, chagua siku nyingine. Jumapili treni mara nyingi hukatizwa kwa matengenezo, kwa hiyo angalia ratiba usiku wa kuamkia safari. Njia ya kando ya mfereji ni tambarare, magoti hayatasumbuka. Kama watoto wanakuja, wapeleke kwenye mashimo ya mchanga ya Horsell, pale mwandishi H.G. Wells, aliyewahi kuishi Woking, alipowatua viumbe wake wa sayari ya Mars katika riwaya ya mwaka 1898. Mjini kuna sanamu ya chuma ya mashine yao ya miguu mitatu, ndefu kama mita saba. Wangu walikataa kuondoka.