Kuosha na kurudisha vifaa vya kuzamia vilivyokodiwa: jibu kwa mwenzetu wa Bukavu

Ndugu yetu wa Bukavu ameeleza kwamba alikodi seti nzima ya kuzamia kutoka ng'ambo ya mpaka ili akague nguzo za gati, akairudisha ikiwa imesuguliwa kwa sabuni na kung'aa, na bado mwenye vifaa akazuia sehemu ya dhamana yake kwa madai kwamba kidhibiti hewa kimeingia maji na koti la kuelea limebaki na mchanga ndani. Anauliza afanye nini safari ijayo, hasa kwa kuwa anatarajia kuzamia Zanzibar, kwenye maji ya chumvi. Ninaishi Goma, kazi yangu ni kukagua sehemu za chini za maboti na mabomba yanayovuta maji ziwani, na vifaa ninavyotumia kwa sehemu kubwa ni vya kukodi, kwa hiyo nitajibu kwa yale ninayoyafanya mwenyewe.

Jambo la kwanza ni kwamba mwenye vifaa anayejua kazi yake hatazami mng'ao. Anatazama njia ya hewa, kuanzia pale kidhibiti kinapofungwa kwenye mtungi hadi mdomoni mwa mzamiaji, kwa sababu mtu atakayekodi baada yako atavuta pumzi kupitia njia hiyo hiyo akiwa mita 20 chini ya maji. Kwa sababu hiyo naanza na kidhibiti hewa kabla ya kitu kingine chochote, na ndicho ninachokipa muda mwingi.

Kidhibiti kina hatua mbili: ya kwanza hukaa kwenye mtungi na kupunguza shinikizo kubwa la hewa, ya pili hukaa mdomoni. Mlango wa hatua ya kwanza, ule unaokutana na vali ya mtungi, hautakiwi kuguswa na maji hata tone moja, kwa kuwa ndani yake kuna chujio dogo la chuma na sehemu za shaba ambazo zikilowa huanza kuota kutu. Ukishakifungua kidhibiti kutoka kwenye mtungi, kausha kifuniko chake cha vumbi kwa kitambaa safi, kisha ukifunge mara moja, kabla hujasogelea bidoni la maji. Wengi hukausha kifuniko hicho kwa kukipulizia hewa ya mtungi. Mimi sipendi tabia hiyo, kwani mbali na kelele zake, upepo ule unaweza kulisukuma tone la maji kuingia palepale unapotaka pabaki pakavu.

Sasa nakuja kwenye kosa ambalo nadhani ndilo lililoigharimu dhamana ya ndugu yetu, ingawa mwenyewe hakulitaja. Hatua ya pili ina kitufe kikubwa cha mbele kinachoruhusu hewa itoke. Kidhibiti kikiwa ndani ya maji bila kuunganishwa na mtungi, ukibonyeza kitufe hicho unafungua vali, na maji hupanda kwenye bomba hadi hatua ya kwanza, hata kama kifuniko cha vumbi umekifunga vizuri. Watu hubonyeza kwa nia njema kabisa, wakidhani wanasafisha ndani. Njia iliyo salama zaidi ni kuosha kidhibiti kikiwa bado kwenye mtungi uliofunguliwa, maana shinikizo la hewa huyazuia maji kuingia. Kama mtungi umeshaondolewa, mimina maji taratibu mdomoni mwa hatua ya pili yatokee kwenye tundu la kutolea pumzi, na kitufe usikiguse. Usiruke hatua hii kwa sababu eti maji ya Ziwa Kivu hayana chumvi ya bahari. Mchanga wetu mweusi umetokana na lava, punje zake ni ngumu na zenye kingo, na punje moja ikikaa chini ya kiwambo chembamba cha kutolea pumzi, mzamiaji anayefuata atavuta hewa iliyochanganyika na maji. Isitoshe, maji ya ziwa hili yana madini mengi, na yakikauka juu ya vifaa huacha utando mweupe.

Koti la kuelea huoshwa ndani kuliko nje. Jaza maji safi kama theluthi moja kupitia mdomo wa bomba lake la kupulizia, ongeza hewa kidogo, ligeuzegeuze hadi maji yafike kila pembe, kisha uyatoe kwa vali ya chini, na urudie mpaka yatoke maangavu. Kitufe cha kujazia hewa kinastahili uangalifu wa pekee: chumvi au mchanga ukikikwamisha, koti hujijaza lenyewe na kumpandisha mtu juu kwa kasi, jambo linaloweza kupasua mapafu. Acha hewa kidogo ndani wakati wa kulikausha ili kuta zake zisigandamane.

Najua maji ni tatizo kwetu, na si kila mtaa wa Goma una bomba linalotoa maji kila siku. Ukiwa na madumu machache, anza na kidhibiti, fuata na koti, halafu miwani, na yale maji yaliyobaki yatumie kwa suti, mapezi na mshipi wa vipande vya madini ya risasi vinavyomzamisha mzamiaji. Usigeuze mpangilio huu, kwa sababu suti ndiyo inayochafua maji kuliko vyote.

Kuhusu suti ya neopreni sina mengi. Igeuze nje ndani, ioshe kwa maji ya baridi na sabuni laini, ianike kivulini kwenye kiango kipana, upande wa ndani ukauke kwanza. Jua kali hukausha mpira wake na kuupasua, ndiyo maana nasikitika kila ninapoona suti zimetandazwa juu ya mabati au juu ya mizigo kwenye boti ya Bukavu.

Klorini nayo inahitaji neno. Tangu mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020, sisi wa Kivu ya Kaskazini tumezoea ndoo ya maji ya klorini kwenye kila mlango, asilimia 0.05 kwa mikono na asilimia 0.5 kwa sakafu na vyombo, na mazoea hayo yameokoa watu. Hata hivyo, ukiloweka suti au koti katika dawa ile kali, neopreni hupoteza rangi na mvutano, na sehemu za chuma huliwa. Sehemu ya mdomoni ni lazima isafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu, lakini muulize mwenye vifaa anatumia dawa gani, fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha suuza kwa maji mengi. Usichanganye klorini na dawa nyingine ya usafi, maana mchanganyiko huo unaweza kutoa gesi yenye sumu. Wala usipake mafuta au grisi ya gari popote kwenye kidhibiti au vali ya mtungi. Mafuta yakikutana na oksijeni nyingi chini ya shinikizo yanaweza kuwaka.

Zanzibar kinachobadilika ni haraka. Chumvi ikishakauka huwa fuwele, na fuwele hizo hukwaruza ringi za mpira na kukwamisha vitufe, kwa hiyo osha au angalau loweka vifaa kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, kabla havijakauka. Mtungi usiurudishe ukiwa mtupu kabisa. Wakufunzi wengi hufundisha kumaliza mbizi ukiwa bado na shinikizo la baa 50 hivi mtungini, na hewa hiyo iliyobaki huzuia unyevu kuingia na kuanzisha kutu. Funga vali na uuache hivyo. Ikiwa umekodi pia kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi kama saa, mwambie mwenye vifaa saa uliyotoka majini mara ya mwisho, kwa kuwa inaendelea kuhesabu naitrojeni iliyobaki mwilini mwako kutokana na kuzamia na inaweza kumpotosha anayeivaa baada yako.

Siku ya kurudisha, usiweke mfuko mlangoni ukaondoka. Omba kidhibiti kifungwe kwenye mtungi mbele yako, vuta pumzi kadhaa, jaza koti na usikilize kama linavuja, kisha andikeni pamoja hali ya kila kifaa na kila mmoja atie sahihi. Kama kuna hitilafu uliyoihisi majini, hata ndogo, iandike wewe kwanza. Fanyeni hivyo hivyo siku ya kuchukua, maana bila karatasi ya siku ile huna la kulinganisha.

Na kuhusu fedha iliyozuiwa, ndugu yangu, usikubali wala usikatae kabla ya kumwomba mwenye vifaa akuonyeshe chujio la hatua ya kwanza. Likiwa na rangi ya kijani, huenda maji yaliingia kupitia mlango wa kidhibiti. Likiwa jekundu la kutu, chanzo huenda ni mtungi wa chuma wenye kutu ndani, na mtungi huo ulikuwa wake. Ukijani wa shaba pia haujitokezi mara tu baada ya kulowa, kwa hiyo ukiukuta umekomaa siku chache tu baada ya wewe kurudisha vifaa, muulize kidhibiti kilifunguliwa na fundi lini mara ya mwisho, na uombe kuiona risiti ya huduma hiyo.