Shehena Isiyo na Nahodha: Satelaiti ya Uganda Ilifikaje Angani?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nilisoma kwamba satelaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilipelekwa angani mwaka 2022 ndani ya chombo cha mizigo kisicho na mtu, tena mali ya kampuni binafsi. Ni nani hukiendesha? Kwa nini satelaiti hiyo haikurushwa moja kwa moja? Na chombo kikishashusha mzigo hurejea wapi? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Marahaba. Chombo hicho ni Cygnus cha kampuni ya Northrop Grumman ya Marekani, nacho kilirushwa kwa roketi ya Antares kutoka Wallops, Virginia, tarehe 7 Novemba 2022, kikiwa na shehena ya takriban kilo 3,700 kwa ajili ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kupeleka mizigo bila rubani si jambo geni, kwani Progress za Warusi zinafanya kazi hiyo tangu 1978. Kilichobadilika ni mwenye chombo: mwaka 2008, NASA, shirika la anga la Marekani, ikijiandaa kustaafisha vyombo vyake vya shuttle vilivyobeba watu na mizigo, ilitia saini mikataba na SpaceX na Orbital Sciences, ambayo leo imo ndani ya Northrop Grumman, ili kampuni hizo zisafirishe mizigo yake kwa malipo.

Kukosa rubani, hata hivyo, si kukosa mwangalizi. Kompyuta za chombo hukipandisha hatua kwa hatua, huku wahandisi walioko Dulles, Virginia, wakikifuatilia na kukitumia amri. Uangalifu huo una sababu: Juni 1997 chombo cha Progress kilichokuwa kikiongozwa kwa mbali kiligonga Mir, kituo cha anga cha Warusi, na kutoboa sehemu yake iliyoitwa Spektr, ikabidi wanaanga waifunge upesi ili hewa isiwaishie.

Ndiyo maana Cygnus haijigongeshi mlangoni. Huja kutoka chini ya kituo, ikisimama mahali palipopangwa kungoja ruhusa, hadi ifike takriban mita 10. Hapo vyote viwili vinaizunguka dunia kwa kasi ya karibu kilomita 28,000 kwa saa, lakini mtu akitazama dirishani ataona chombo kimetulia tuli, kwa kuwa mwendo wao ni mmoja. Cygnus huzima injini zake ndogo, na mwanaanga huusogeza polepole mkono wa roboti wa kituo wenye urefu wa mita 17 na ushei. Ncha ya mkono huo ni kama mtungi ulio wazi, na ndani yake mna nyaya tatu zinazojinyonga kuizunguka pini ya chombo mpaka ziikamate barabara. Kwangu mimi, hakuna sehemu ya safari inayozidi hiyo kwa kustaajabisha.

Safari hiyo ya Novemba nusura iharibike. Cygnus hutegemea paneli mbili za jua zinazofunguka kama feni ya mkono, na moja iligoma, kwa sababu kipande cha kitambaa cha kuzuia kelele kilichotoka kwenye roketi kilinasa katika mitambo yake. Wahandisi walipohakikisha kwamba paneli iliyobaki ilitosha kwa umeme, safari iliendelea, na tarehe 9 mwanaanga Nicole Mann akakinasa chombo.

Kuhusu satelaiti yenyewe: wahandisi wa Uganda waliiunda Japani, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, na ni mchemraba wenye upande wa sentimita 10, unaoenea kiganjani. Kuikodia roketi nzima kungekuwa gharama isiyo na maana. Ilipanda kama kifurushi miongoni mwa vifurushi vingine, na tarehe 2 Desemba ikasukumwa na springi hadi nje ya Kibo, maabara ya Kijapani iliyomo kwenye kituo hicho, pamoja na satelaiti ya kwanza ya Zimbabwe.

Cygnus hairejei kabisa. Dragon ya SpaceX hushuka baharini kwa miavuli na kuleta sampuli za utafiti, lakini Cygnus haina ngao ya kuhimili joto la kurudi. Kwa hiyo wanaanga huijaza takataka na vifaa vilivyochakaa, na baada ya kuachiliwa huelekezwa ishuke juu ya Bahari ya Pasifiki, mbali na makazi ya watu, ikateketea angani pamoja na taka zake. Hiyo iliyobeba satelaiti ya Uganda iliteketea Aprili 2023.