Magari yanakimbia mtaani kwetu: barua aandikiwe nani?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu barabara za ndani ya makazi: magari yanayokimbia foleni, matuta, bodaboda, malori ya mchanga. Karibu zote zina lalamiko moja, kwamba ukienda ofisi hii unaelekezwa ile, na ile inakurudisha. Tumechagua tano. Majibu yanahusu Tanzania Bara.

SWALI: Barabara inayokatiza mtaa wetu ina lami, urefu kama mita 600. Asubuhi na jioni magari yanayoikwepa foleni ya barabara kuu yanapita hapa mbio, na watoto wa shule ya msingi wanavuka katikati. Trafiki walituambia tuwaone watu wa barabara. Watu wa barabara wakasema mwendo ni kazi ya polisi. Manispaa wakaturudisha kwa mtendaji. Tuanzie wapi? (Mkazi wa Dar es Salaam)

JIBU: Wote waliowajibu walisema kweli, kila mmoja kwa kipande chake. Tatizo lenu lina vipande vitatu na mmelipeleka kila mahali likiwa zima.

Kipande cha kwanza ni barabara yenyewe. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi Julai 2017. Kabla ya hapo mhandisi wa manispaa ndiye aliyezishika, ndiyo maana hadi leo watu wengi wanakimbilia manispaa. Manispaa imebaki na ardhi, mipango miji na sheria ndogo. Mita 600 za lami ndani ya mtaa, karibu hakika ni za TARURA, lakini msikisie: nendeni ofisi ya Meneja wa TARURA wa wilaya, muulize kama barabara hiyo imo kwenye orodha yake na kwa jina gani. Jina la kwenye nguzo ya anwani za makazi linaweza kutofautiana na la kwenye orodha. Barua yenye jina lisilo kwenye orodha hukwama.

Kipande cha pili ni mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haiulizi barabara ni ya nani. Trafiki ana mamlaka TANROADS, TARURA na hata kwenye vumbi. Ila kwenye eneo la makazi kikomo cha jumla ni kilomita 50 kwa saa. Mkitaka 30, lazima kiwepo kibao cha 30, na kibao husimikwa na mwenye barabara. Bila kibao, dereva anayepita mbele ya shule kwa 48 hajavunja kikomo, hata trafiki akimpiga tochi, kile kifaa cha kupimia mwendo. Linabaki kosa la kuendesha bila uangalifu, ambalo ushahidi wake ni mgumu kuupata. Kwa hiyo msianze kwa kuomba trafiki. Anzeni na kibao na tuta, trafiki wafuate.

Tofauti ya 50 na 30 ni hii. Kwenye lami kavu, dereva aliye macho anayetumia sekunde moja kushtuka kabla ya kukanyaga breki atasimama ndani ya kama mita 28 akiwa kwenye 50. Akiwa kwenye 30 zinamtosha kama mita 13. Mtoto anayetokea mita 15 mbele yake, kwa mwendo wa kwanza anagongwa kabla gari halijaanza kupungua kasi lolote la maana. Kwa wa pili gari limeshasimama.

Kipande cha tatu ni uthibitisho, na huu ni wenu. Pimeni mita 50 kwa futi ya kamba, muweke alama mwanzo na mwisho. Nguzo mbili za umeme zikiwa karibu na umbali huo zinafaa, mradi mpime umbali halisi. Mtu mmoja anashusha mkono tairi la mbele linapofika alama ya kwanza, wa pili ana saa ya simu kwenye alama ya mwisho. Gawanyeni 180 kwa sekunde mlizopata. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa, 4.5 ni 40, 3.6 ni 50, 3 ni 60. Pimeni magari 50 yanayokwenda peke yake, si yaliyofuatana kwenye msururu, kati ya saa 12:30 na 1:30 asubuhi siku ya shule. Mkono ukichelewa sehemu mbili za kumi za sekunde, jibu linakosea kama kilomita 3 kwenye mwendo wa 50, kwa hiyo msishike gari moja mkalipigia kelele. Yapangeni yote kuanzia la polepole, mtazame la 43: huo ndio mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi, na ndio mhandisi ataufanyia kazi. Msivae viakisi mwanga wala kusimama ukingoni wazi, kwa sababu madereva watadhani ni tochi na watapunguza. Vipimo hivi havimtozi mtu faini. Kazi yake ni kumfanya mhandisi aje kupima mwenyewe.

Barua iandikwe baada ya mkutano wa mtaa, ibebe muhtasari na mahudhurio yaliyosainiwa, ipite kwa Mtendaji wa Mtaa na wa Kata ili diwani aiingize kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. TARURA iombwe vibao na matuta, ikitajwa sehemu kwa namba ya nguzo ya umeme iliyo karibu. Mkuu wa trafiki wa wilaya, yule tunayemwita DTO, aombwe doria ya saa zilezile mlizopima. Kila ofisi iombwe lake tu, na kila barua ionyeshe nakala imekwenda kwa nani. Daini mhuri wa kupokelewa na tarehe. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na mapendekezo hukusanywa miezi mingi kabla. Barua ya Mei inasubiri mwaka mwingine.

SWALI: Tumechangishana tujenge tuta wenyewe. Fundi anasema mifuko mitatu ya saruji inatosha. Kuna ubaya? (Mwenyekiti wa mtaa, Morogoro)

JIBU: Ndugu mwenyekiti, upo. Kuingilia barabara ya umma bila kibali cha mwenye barabara ni kosa, na pikipiki ikianguka usiku kwenye tuta lisilo na kibao wala rangi, wa kwanza kutafutwa ni wewe uliyeitisha mchango.

Halafu tuta la mifuko mitatu halifanyi kazi mnayoitaka. Hayo huwa membamba, sentimita 50 au 60, na yamesimama kama ukuta. Gari dogo linakwaruza tumbo, bajaji yenye abiria mjamzito inaruka, lakini lori likiingia kwa kasi tairi linapanda na kushuka kabla bodi halijahisi. Tuta jembamba linamwadhibu anayekwenda polepole. Tuta la mviringo linalokubalika na wahandisi lina urefu wa mita 3.7 kwa uelekeo wa gari, na sentimita 10 tu katikati. Kwa 25 au 30 linapitika vizuri; kwa 50 linamtupa dereva, wa gari dogo na wa lori vilevile. Kwenye barabara ya upana wa mita 6, tuta hilo linakula kama mita 1.5 za ujazo wa lami au zege. Si mzigo mkubwa, na mchango wenu unaweza kumaliza kazi kama TARURA watakubali kuisimamia. Ombeni hivyo kwa maandishi.

Moja halitoshi. Dereva akishalipita anakanyaga mafuta, na baada ya mita 150 amerudi kwenye mwendo wake. Yapangeni kila mita 60 hadi 100. Lisiwekwe kwenye kona, wala mara baada ya kilima kinachoficha mbele. Liwe chini ya taa kama ipo, lipakwe rangi, na kibao kiwe pande zote mbili. Kuna kosa moja linalorudiwa kila mahali: tuta linazibwa hadi kwenye mtaro, mvua ya kwanza maji yanatuama upande wa juu na lami inaanza kumeguka. Acheni upenyo wa sentimita 20 au 30 kila upande maji yapite. Ukizidi hapo, bodaboda wanaugeuza njia yao, tena pembeni kabisa, wanakotembea watoto. Nguzo fupi ya zege ukingoni inawazuia.

Mbele ya shule ni bora zaidi zebra iliyoinuliwa: tuta lenye mgongo bapa, mistari ikichorwa juu yake. Kazi za namna hii mbele ya shule za Dar es Salaam, pamoja na njia za miguu na nguzo za kuzuia magari, ndizo zilizolipatia shirika la Amend tuzo ya miji ya WRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti, mwaka 2019. Na rasta, ile mistari ya kutetemesha, msiiombe penye nyumba. Inamwamsha dereva lakini haimpunguzi sana, na wanaolala jirani nayo watakuja kuomba ing'olewe.

SWALI: Je, mgambo au vijana wetu wa ulinzi shirikishi wanaweza kuwasimamisha bodaboda wanaopita mbio na kuwatoza faini? (Temeke)

JIBU: Hapana. Mgambo wa halmashauri anasimamia sheria ndogo, mathalani kijiwe cha bodaboda kilichowekwa pasiporuhusiwa. Kosa la mwendo ni la polisi, na faini yake hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kamwe si mkononi. Na kama mmefunga kamba barabarani usiku ili kuwazuia, ifungueni leo; kamba za namna hiyo zimeshaua watu. Wanachoweza vijana ni kuandika namba ya pikipiki, saa na mahali, na kuzipeleka kwa polisi kata na kwa kiongozi wa kijiwe. Kiongozi wa kijiwe anawafahamu watu wake, na mara nyingi neno lake linafika haraka kuliko notisi.

SWALI: Barabara yetu ndiyo mpaka. Upande wa kulia ni manispaa moja, wa kushoto nyingine. Kibao cha mwendo kimewekwa upande mmoja tu na kila wilaya inasema nusu yake imekamilika. (Wakazi wa mpakani)

JIBU: Barabara haina nusu. Dereva anayetoka upande usio na kibao hajaambiwa kitu, na akiandikiwa kosa ana hoja ya kujitetea. Kibao kinatakiwa kila mlango wa eneo, pamoja na njia za pembeni zinazoingilia katikati. Hesabuni milango hiyo mmoja mmoja mkitembea kwa miguu. Kwenye barabara ya mita 600 ni kawaida kukuta mitano au zaidi.

Msiandikie wilaya mbili. TARURA ni wakala mmoja wa taifa, na mameneja wa wilaya zote mbili wako chini ya Meneja wa Mkoa. Barua iende kwake na nakala kwao. Kwa polisi kuna jambo la kukumbuka: mipaka ya kipolisi haifuati lazima mipaka ya manispaa. Kanda Maalum ya Dar es Salaam ina mikoa yake ya kipolisi, na ndani yake wilaya za kipolisi. Mnaweza kuwa manispaa mbili na DTO mmoja, au kinyume chake. Ulizeni kituo cha karibu ajali za barabara hiyo zinaandikwa wapi. Jibu ndilo linalowaonyesha ofisi. Ikishindikana, diwani alipeleke suala kwenye Kamati ya Usalama Barabarani ya mkoa, ambako polisi na wenye barabara hukaa meza moja.

Kwa daladala zinazochepuka kupita kwenu, mlango ni mwingine kabisa: kuacha njia iliyo kwenye leseni ni suala la LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Andikeni namba ya gari, ubavu umeandikwa ruti gani, na mlikoliona. Kwa malori ya mchanga, ombeni TARURA kibao cha kikomo cha uzito. Kama yanachepushwa na ujenzi wa barabara kuu, vibao, kumwagia maji vumbi na mtu wa bendera ni vya mkandarasi, na wa kumbana ni aliyempa mkataba.

SWALI: Mjukuu wangu aligongwa na bodaboda, akavunjika mguu. Kijana analeta hela kidogo kidogo na majirani wanasema tuyamalize nyumbani. (Bibi, Tanga)

JIBU: Pole sana, Bibi. Matibabu kwanza, karatasi zinafuata, lakini zifuate mapema. Nendeni polisi mchukue PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ijazwe na daktari, na muombe askari afike kuchora mchoro wa ajali alama zikiwa bado zipo. Kupokea msaada wa kijana si kosa, ila msisaini karatasi inayosema mmemalizana. Mguu uliovunjika wa mtoto unaweza kuhitaji kufuatiliwa miaka, na kijana hana uwezo huo. Bima ndiyo inayo: bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, na inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya pikipiki. Kampuni ya bima itadai PF3, mchoro, ripoti ya polisi, ripoti ya ukaguzi wa pikipiki, vyeti vya hospitali, na hukumu kama kesi ilifika mahakamani. Bila kuripoti, hakuna hata kimoja.

Ajali mlizozimaliza nyumbani hazimo kwenye kitabu cha polisi, na mhandisi akiomba takwimu za eneo hilo kabla ya kuamua tuta liende wapi, mtaa wenu utasomeka hauna ajali. Mwambieni mwenyekiti aziulize nyumba zote: nani aligongwa, mwezi gani, mbele ya nguzo ipi.