Nilimeza dawa kabla sijajua nina mimba

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Nina miaka 29 na hii ni mimba yangu ya kwanza. Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 2 Juni, na mzunguko wangu ni wa siku 28, haubadiliki. Tarehe 10 Juni niliugua kifua nikaandikiwa doksisaiklini ya siku 7, na kwa ajili ya homa nikawa nameza ibuprofeni hadi tarehe 18. Tarehe 9 Julai nilipima mkojo nikakuta nina mimba. Tangu hapo sili wala silali. Wifi yangu anasema dawa zile zimeshamharibu mtoto, heri niitoe mimba ingali changa. Je, ni kweli? Kwa hofu nimeacha dawa zote, hata vidonge vyangu vya kifafa ninavyovitumia tangu nikiwa shule. Nakuandikia leo, tarehe 14 Julai.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuniruhusu nichapishe jibu nililokutumia siku ile ile. Sikulibadilisha.

Naanza na maneno yako ya mwisho, maana ndiyo yaliyonishtua. Vidonge vya kifafa havikatizwi ghafla, uwe na mimba au usiwe nayo. Ukivikatiza, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko ulivyokizoea, degedege zikafuatana bila wewe kurudiwa na fahamu. Hapo hewa inapungua kwako na kwa mtoto kwa pamoja. Katika miaka yangu 26 ya wodi ya wazazi nilimpokea mama mmoja aliyeacha vidonge kwa sababu hiyo hiyo yako, kumpenda mtoto. Alianguka bafuni akiwa peke yake, akavunjika bega, akakaa siku mbili hajitambui. Bado namkumbuka ninapoandika haya.

Kwa hiyo leo hii, si kesho, mtafute daktari anayekuandikia dawa hizo. Ukimkosa, nenda hospitali iliyo karibu ueleze kwamba una mimba ya wiki 6 na hujameza dawa ya kifafa kwa siku 5. Usijirudishie dozi nzima mwenyewe, na usimeze viwili viwili kufidia ulivyoviruka. Ziko dawa, lamotrijini ikiwa mojawapo, ambazo mtu akizikatiza siku kadhaa huanzishiwa upya kidogo kidogo, la sivyo zinaweza kuleta upele mbaya wa ngozi. Mpaka uonwe, usioge peke yako ukiwa umejifungia, usiendeshe gari, usisimame mbele ya moto bila mtu karibu.

Hukunitajia jina la kidonge chako, na jina hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote uliyoniuliza. Lamotrijini na levetirasetamu ni miongoni mwa dawa za kifafa zilizoonekana kuwa na usalama zaidi kwa wajawazito. Valproeti ni habari nyingine. Katika kila wanawake 100 wajawazito, 2 au 3 huzaa mtoto mwenye kasoro ya maumbile hata kama hawakumeza dawa yoyote. Kwa wanaotumia valproeti hufika kama 10, na watoto 30 hadi 40 katika kila 100 hupata matatizo ya ukuaji wa akili, kama vile kuchelewa kuongea. Kama yako ni valproeti, mwambie daktari neno hilo la kwanza kabisa kabla hujakaa kitini. Anaweza kukubadilishia dawa au kukupunguzia dozi, lakini kwa mpangilio wake yeye, si kwa kuacha tu.

Sasa doksisaiklini na ibuprofeni. Nilichukua kalenda na penseli nikahesabu nawe. Kliniki huhesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ndiyo maana utaambiwa una wiki 6. Lakini kwa mzunguko wa siku 28, mimba yenyewe ilitunga karibu na tarehe 16 Juni. Ulipomeza kidonge cha kwanza hakukuwa na mtoto. Kidonge cha mwisho cha doksisaiklini kiliangukia siku ile ile ya kutunga, au karibu nayo, na dawa hiyo huisha mwilini kwa siku kama tano hivi. Mimba changa huchukua siku 6 hadi 10 kabla ya kujishikiza kwenye mji wa mimba. Basi wakati damu yako inaanza kukutana na mtoto, dawa ilikuwa imekwisha au inamalizikia. Tena doksisaiklini tunaihofia hasa kuanzia mwezi wa 4, kwa kuwa hubadili rangi ya meno ya mtoto yanayoanza kujengwa wakati huo. Ibuprofeni ya siku chache zile isikunyime usingizi. Kuanzia sasa iache, hasa usiiguse baada ya wiki ya 20, kwani inaweza kuathiri figo za mtoto na maji yanayomzunguka. Ukipata homa tumia parasetamoli, dozi ndogo inayotosha na kwa siku chache, lakini homa yenyewe usiiache bila kuichunguza.

Wifi yako simlaumu. Wapo watu waliosikia habari za thalidomaidi, dawa iliyouzwa kuanzia 1957 huko Ujerumani Magharibi, ikatumiwa na wajawazito kutuliza kichefuchefu, na ikaondolewa sokoni huko mwishoni mwa 1961. Watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na mikono au miguu isiyokamilika, na madhara mengine. Lakini hata dawa kali kama ile ilikuwa na siku zake: takriban siku ya 20 hadi ya 36 tangu mimba kutunga. Ndiyo maana mimi huuliza tarehe kabla ya kusema lolote. Kwa dawa zile mbili ulizozimeza na tarehe ulizonipa, sioni sababu ya kuitoa mimba hii, na ninakuambia hivyo nikiwa na uhakika wangu wote.

Jambo moja usiliache hata siku moja: asidi ya foliki, vitamini inayosaidia ubongo na uti wa mgongo wa mtoto kujengeka vizuri. Mfereji unaogeuka ubongo na uti wa mgongo hufunga karibu na siku ya 28 tangu kutunga, yaani kwako wewe ni siku hizi hizi. Ingefaa zaidi kuianza kabla ya mimba, lakini ianze leo. Wengi hupewa mikrogramu 400 kwa siku. Anayetumia dawa za kifafa mara nyingi huandikiwa miligramu 5, kwa hiyo iulizie.

Unapokwenda, usitegemee kumbukumbu. Beba boksi za dawa zenyewe, pamoja na vidonge vya chunusi, vitamini na dawa za miti shamba kama zipo, ukaziweke mezani mbele ya daktari. Ukishaonwa, niandikie jina la kidonge chako cha kifafa na dozi uliyopewa. Nasubiri barua yako.