Kusini hakuna milima? Maswali yenu kuhusu njia za Newala, Masasi na Rondo

Likizo ikikaribia, maswali ya njia huongezeka. Safari hii wengi mmeuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: mtu akitaka kuendesha gari Mtwara au Lindi kwa ajili ya kutazama milima tu, apite wapi, asimame wapi? Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Nimekwenda Mtwara kwa gari kutokea Dar mara nyingi. Naona mikorosho, minazi na bahari kidogo. Hiyo milima mnayoisifia iko wapi? (Msomaji, Tabata)

Kwa barabara uliyopita, una haki ya kuuliza. Ukishavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, ukapita Nangurukuru, Lindi na Mnazi Mmoja, hukutani na mlima wa kulitoa gari jasho. Milima yetu iko ndani, na si ya kilele kinachoonekana kutoka mbali kama ya wenzetu wa Moshi au Morogoro. Ni ardhi iliyoinuka, juu tambarare, kingo zake zimekatika ghafla. Umakondeni ni meza iliyoinamishwa: upande wa bahari imelala chini, upande wa magharibi imenyanyuka hadi karibu mita 900. Ndiyo maana ukitokea Mtwara mjini unapanda bila kujua kwamba unapanda. Kaskazini yake kuna bonde la Mto Lukuledi, na ng'ambo ya bonde kuna Rondo, nayo imeinuka vilevile. Masasi ni habari nyingine, nitaifikia.

Kwa hiyo Kusini usitafute kilele, tafuta ukingo. Asiyefika ukingoni atarudi Dar na kusimulia kwamba aliendesha kilomita mia na zaidi katikati ya mikorosho, na atakuwa amesema kweli.

Hata kwenye barabara yako ya pwani kuna mahali unapapita kwa haraka ya kufika. Ukiwa Lindi mjini panda Mtanda, uitazame ghuba na Kitunda ng'ambo ya maji. Halafu Mikindani: badala ya kuipita kama kituo cha daladala, panda hadi kwenye boma la Wajerumani la mwaka 1895, utaiona ghuba yote chini yako. Hapo ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya kwenda bara, mwaka 1866.

Tuna siku mbili na gari la familia. Tunataka kuzunguka Mtwara, Newala, Masasi na kurudi. Tuanzie wapi? Mke wangu anasema Masasi kwanza kwa sababu lami ni nzuri. (Baba wa watoto watatu, Shangani, Mtwara)

Mpe pole shemeji yangu, ila katika hili sikubaliani naye. Newala kwanza.

Wengi hufanya anavyotaka yeye. Wanakwenda Masasi kwa lami mpaka mwisho, wanapumzika, kisha jioni wanaupanda mlima wa Newala wakiwa wamechoka. Kuupanda mlima ule maana yake ni kutazama udongo mwekundu na matako ya lori lililoko mbele yako. Mandhari yote iko nyuma ya gari, na anayeifaidi ni mtoto aliyegeuka kwenye kiti cha nyuma. Mlima wa namna hii hufaidiwa na anayeshuka.

Toka Mtwara baada ya chai. Utapita Naliendele, yaliko makao ya utafiti wa korosho, kisha Nanguruwe na Mnivata, hadi Tandahimba. Njia ya Mtwara–Newala–Masasi ina kilomita 210. Kilomita 50 za mwanzo, hadi Mnivata, zina lami. Kuanzia hapo ujenzi umekuwa ukisogea kipande kwa kipande, kwa hiyo siku moja kabla muulize dereva wa basi, usiulize ramani ya simu. Kipande hiki sitakudanganya: ni mikorosho, vijiji, maghala ya vyama vya msingi, tena mikorosho. Waache watoto walale. Fikeni Newala mapema, mpate chumba, na saa kumi na moja jioni muwe ukingoni. Mlale Newala.

Asubuhi mshuke kwenda Masasi. Jua linatokea nyuma yenu na linaupiga uwanda wote ulio mbele: misitu, mashamba, na milima ya mawe ya Masasi imesimama peke yake huko chini. Kuna sehemu za kuegesha kabla ya mteremko kukolea. Egesha, zima gari, washuke wote. Usitazame huku unaendesha. Huo mteremko si wa kuchezea.

Mkishakula Masasi, rudini kwa lami ya bonde la Lukuledi. Sasa jua la mchana liko mgongoni, na mkono wa kulia kuna ukuta mrefu wa kijani. Huo ndio mlima uleule mliokuwa juu yake asubuhi. Waambie watoto, hawataamini. Pale Ndanda ukuta unasogea karibu kabisa na barabara, na wamonaki Wabenedikti walijenga chini yake mwaka 1906. Walichokifuata ni pamoja na maji. Juu mlimani udongo ni wa kichanga na mwamba wake unapitisha maji; mvua ikinyesha inazama moja kwa moja na kuja kutokea chini kama chemchemi. Kwa vizazi vingi kina mama wa Umakondeni walikuwa wakiteremka magenge na ndoo na kupanda nayo kichwani. Ukiwa umekaa kwenye gari lenye kiyoyozi unasema “mandhari nzuri”, mtu wa Newala mwenye umri mkubwa anaukumbuka mteremko uleule kwa magoti yake.

Baada ya Ndanda ni Nanganga, Nyangao, Mtama, hadi Mnazi Mmoja. Hapo kushoto ni Lindi, kulia ni Mtwara. Kwa siku zote mbili mtakuwa mmetembea kilomita 400 na kidogo.

Shimo la Mungu ni shimo kweli? Inafaa kwenda mpaka Newala kwa ajili yake tu? (Dada wa Mbagala)

Si shimo la kuchungulia ukaona giza. Ni mahali ardhi ya Newala inapokatika, na wewe umebaki umesimama juu ya bonde la Ruvuma. Chini ni vilima vidogo vidogo, miti, moshi wa mashamba, na mbali kabisa ni Msumbiji. Jua la jioni linakuja kwa ubavu na kila kilima kinapata kivuli chake. Saa sita mchana yote yanakuwa rangi moja na utajiuliza umefuata nini.

Inafaa. Na ukifika utaelewa kwa nini wanajeshi walipagombania mahali hapa. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wareno walivuka Ruvuma wakaiteka Newala, na kabla mwaka haujaisha Wajerumani wakawafukuza. Aliyekaa juu hapa anamwona anayekuja kutoka mtoni.

Ukingo hauna uzio wa kutegemea. Mshike mtoto mkono, na picha za kurudi nyuma hatua moja, hatua mbili, mziache.

Gari langu ni dogo na liko chini. Litafika Newala? (Msomaji, Lindi)

Kiangazi, ndiyo, kwa mwendo wa pole. Penye mchanga usisimame katikati wala usikanyage mafuta kwa hasira. Shika mwendo mmoja hadi utoke. Masika, kwenye vipande visivyo na lami, bora uazime gari lililonyanyuka. Na wakati wa kushuka kwenda Masasi weka gia ndogo, injini ikushikie gari. Ukishuka kwa kukanyaga breki tu, ukifika chini utaisikia harufu yake.

Mwanangu hutapika kwenye kona. Je, njia hizi zina kona nyingi? (Mama wa Chikongola)

Chache mno, mama. Si Kitonga wala Lushoto. Mteremko wa Newala una kona zake, lakini ni kipande kifupi, kisha imekwisha. Mkalishe mbele kidogo na asishike simu.

Mwezi gani mzuri zaidi kwa picha? (Mpiga picha, Masasi)

Wa tano hadi wa saba, bila kusita. Mvua zimekwisha, majani bado mabichi, hewa imeoshwa. Kuanzia mwezi wa nane watu wanachoma mashamba na pori, na moshi unatanda hadi Msumbiji inapotea kabisa.

Kuna sababu nyingine ambayo wewe wa kamera utaipenda. Ukuta wa mlima pale Ndanda unatazama kaskazini. Katikati ya mwaka jua letu liko upande wa kaskazini, kwa hiyo linaupiga usoni na kila korongo linaonekana. Mwezi wa kumi na mbili jua limehamia kusini, nyuma ya mlima, na ukuta haupati tena mwanga wa usoni.

Hasara za miezi hiyo ni mbili. Newala kuna baridi na ukungu wa asubuhi, kwa hiyo beba sweta na usitegemee kuona kitu kabla jua halijapanda. Na ni msimu wa kupulizia mikorosho salfa. Alfajiri funga vioo, la sivyo utakohoa hadi Tandahimba.

Ukitaka shamrashamra badala ya anga safi, njoo wa kumi na wa kumi na moja. Korosho zinaanguka, malori ya gunia yanapanga foleni ghalani, minada imeanza, pesa ipo mikononi mwa watu na mabibo yananukia barabarani. Uraka, pombe ya mabibo, utauzwa kando ya njia. Dereva asionje. Sisemi kwa utani: uraka wa asubuhi na wa jioni ni vitu viwili tofauti, na hujui umeuziwa upi.

Nafundisha jiografia. Milima ya Masasi ni sehemu ya mlima wa Makonde? (Mwalimu, Nanyumbu)

Hapana, mwalimu, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Makonde ni mwamba wa mchanga uliotandazwa tabaka kwa tabaka. Masasi ni miamba migumu na mikongwe zaidi kwa mbali, iliyobaki imesimama baada ya ardhi laini iliyoizunguka kuliwa na mvua na mito. Ndiyo maana inachomoza mmojammoja kutoka ardhi tambarare, na kuta zake ziko uchi.

Kwa wanafunzi wako, Mtandi ndiyo ya kuanzia, kwa kuwa jiografia na historia ziko mahali pamoja. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi na watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakaanzisha makazi. Misheni ikachomwa mwaka 1905 katika Vita vya Majimaji. Kanisa kuu la Kianglikana liko hapo, na jabali la Mtandi liko nyuma yake. Kupanda jabali lenyewe ombeni ruhusa kwanza na mpate kijana mwenyeji wa kuwaongoza. Mawe yakiwa na umande yanateleza.

Mwandishi, mimi ni mzee wa Nachingwea. Kila mtu anaandika Newala, Newala. Rondo je? Na Tendaguru, ambako babu zetu walibeba mifupa? (Mzee, Nachingwea)

Shikamoo mzee wangu. Lawama nimeipokea.

Rondo ni ya mtu asiye na haraka. Unaiacha lami ya Masasi, unapanda kuelekea kaskazini kwa barabara ya udongo, na hewa inabadilika kabla macho hayajaona kitu. Msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo pitia kwao upate kibali. Mivule mingi ilikatwa enzi za mkoloni, lakini kilichobaki bado ni msitu wa kukunyamazisha. Humo yumo komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, miongoni mwa komba wadogo kabisa duniani. Hutoka usiku, basi anayepita mchana kwa gari asimtarajie. Kwa mandhari tupu Newala bado inashinda, mzee, kwa sababu Rondo miti inaziba. Kwa kivuli na utulivu Rondo haina mshindani.

Tendaguru ni kilima cha kawaida kwa macho, kaskazini-magharibi mwa Lindi, na kutoka barabara ya lami hukioni. Ukubwa wake uko chini ya ardhi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, na babu zenu wakaibeba mifupa hiyo kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa kwa meli. Mjusi mmojawapo amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Anayetaka kwenda kilimani atafute mwenyeji na gari lenye nguvu, na aende kiangazi.

Sina gari. Kwenye basi nikae upande gani? (Mwanafunzi wa chuo, Mtwara)

Swali bora la wiki. Mtwara kwenda Masasi kaa kushoto, mlima utakuwa upande wako kuanzia bondeni hadi Ndanda. Kurudi kaa kulia. Dar kuja Mtwara kaa kushoto pia, ili usiikose bahari pale Lindi na Mikindani, ila jua la asubuhi litakuwa lako lote, kwa hiyo kata tiketi ya kiti chenye pazia. Newala kwenda Masasi panda la asubuhi na uombe siti ya mbele kabisa, hata kama kondakta atakutazama vibaya. Na ukiona ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa stendi, nunua ya kutosha kabla basi halijaondoka. Njiani dereva hasimami ovyo, maana trafiki wenye tochi wamejaa kila kijiji chenye kibao cha 50.