Kulanti inayonuka Jumatatu: usimimine Jik

Ukiwasha mashine ya kukereza Jumatatu ukakuta harufu ya yai viza, bakteria wamekutangulia kazini. Kulanti, yaani maji yaliyochanganywa na oili maalumu ya kupoza chuma kinapokatwa, imelala siku mbili bila kuzunguka, oili ya kulainisha reli za mashine imeelea juu na kuziba hewa, na chini yake wadudu wasiohitaji oksijeni wanatoa gesi ya hidrojeni salfaidi.

Jik, dawa ya madoa yenye klorini, huondoa harufu tu. Klorini hutenganisha oili na maji, chuma kinashika kutu, na bakteria wakifa huacha endotoksini, sumu iliyomo kwenye magamba yao. Mashine ikizunguka, sumu hiyo inarushwa hewani pamoja na ukungu. Ukungu wa kulanti uliwaachia makumi ya wafanyakazi wa kiwanda cha injini Longbridge, Uingereza, pumu na uvimbe wa mapafu miaka ya 2003 na 2004.

Dalili ni kikohozi, kifua kubana na homa ya jioni baada ya zamu, kisha nafuu ukiwa likizo. Kwetu kikohozi cha muda mrefu hupimwa kifua kikuu kwanza. Pima, lakini mweleze daktari unavuta ukungu wa kulanti, asipoambiwa hatauliza.

Pima kulanti kila siku kwa refraktomita, kifaa cha kupima ukali wa mchanganyiko, uzidishe na namba iliyo kwenye karatasi ya maelezo ya oili ya kulanti. Ikisoma 3 na kizidishi ni 1.5, una asilimia 4.5 ya oili, kama ilitakiwa 6, bakteria wanashangilia. Ujazo ukipungua kwenye tangi, ongeza mchanganyiko mwepesi wa asilimia 1 hadi 2, si maji matupu. Pima pH pia, yaani kiwango cha asidi: ikishuka chini ya 8.5, kuna kinachokula kulanti yako. Kipimo cha kuotesha bakteria kikionyesha zaidi ya milioni 1 kwa mililita, mwaga.

Kumwaga peke yake hakutoshi, maana utando wa utelezi ulioganda kwenye mabomba utaambukiza kulanti mpya ndani ya siku chache. Kabla ya kumwaga, weka dawa ya kusafishia mfumo na uizungushe kwa saa zilizoandikwa kwenye chombo. Kisha toa kulanti yote, kwangua matope na mabaki ya chuma pembeni mwa tangi hadi uone bati, suuza, ujaze siku hiyohiyo. Tangi la lita 200 kwa asilimia 6 linataka maji lita 188, halafu oili lita 12 ikimiminwa taratibu huku ukikoroga. Ukitanguliza oili, utapata uji mzito usiochanganyika.

Na bomba la upepo la kupulizia kipande cha chuma kilicholowa, liweke mbali, linarusha ukungu uleule. Tumia brashi.